Dada Kufuli

9 Februari

Kwako Kidoto,

Shikamoo yako sijaiona mwaka wa pili huu, lakini marahaba hivyo hivyo, nisije nikaambiwa sina adabu. Sisi wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua kwa kukanyaga cherehani. Daktari kasema nipumzike, nikamuuliza kama sare za shule atazishona yeye. Shemeji yako amestaafu, na sasa kazi yake ni kufungua friji na kuifunga. Kitinda mimba wangu yuko darasa la sita, ana akili na ana mdomo, vyote karithi kwa mama yake mdogo.

Sasa nisikilize. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu wewe ni hodari wa kukata maneno ya wenzako. Karatasi huwezi kuikatiza.

Ijumaa iliyopita huyu mtoto kaja na kitabu chako kutoka shule. Mwalimu wao anawasomea darasani. Kaketi juu ya robota la vitambaa, kaniangalia kutoka juu hadi chini, kaniuliza: "Mama, hivi Dada Kufuli ni wewe?"

Nikamnyang'anya. Nikakisoma chote nimesimama, chai ikapoa. Mwanamke mrefu, mwembamba kama rula, funguo kiunoni, anatafuna uzi, kovu kwenye kidole gumba. Mama yao kafa. Anamfungia mdogo wake, huyo Tone wako, ndani ya stoo ya vitambaa siku mbili kwa kosa la kukata kitambaa cha mteja. Mwishoni anabaki peke yake kwenye nyumba ya milango iliyofungwa, na watoto wa mtaa mzima wanamcheka dirishani.

Mafundi wangu watatu nao wamekisoma, wakati wa chakula cha mchana. Tangu siku hiyo nikiingia wananyamaza. Jumanne nimekuta juu ya meza ya kukatia pamechorwa kufuli lililovaa sketi. Kwa chaki yangu mwenyewe.

Sina maneno mengi. Nenda kwa hao wachapishaji wako, kitabu kitolewe madukani. Nasikia kuna cha pili kinakuja. Usithubutu.

Ni mimi dada yako, maana wewe huna mwingine.

27 Februari

Dada,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi mzima, ila sauti imenikauka kwa kuzunguka mashuleni, shule tatu kila wiki. Nimehamia ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa. Dari linavuja mahali pamoja tu, na nimeweka beseni.

Barua yako nimeisoma mara mbili na nimecheka mara moja, unisamehe. Mtu wa kitabuni si mtu wa mtaani. Kila shule ninayokwenda watoto huniuliza: mawazo unayatoa wapi? Nitakujibu kama ninavyowajibu wao, pole pole.

Wazo halinijii zima, linakuja kipande. Nina daftari ndani ya mkoba, na kazi yangu kubwa ni kukaa mahali ambapo watu wanasubiri. Kliniki, ofisi za mabasi, geti la shule saa za kutoka. Siku moja nilimwona mtoto wa kike ofisini, mama yake anagombana na karani, naye anahesabu vigae vya sakafu kwa midomo. Nikaandika: anahesabu ili asisikie. Mstari huo ulikaa miezi minane bila kazi. Siku nyingine nikasikia ufunguo ukizungushwa kwenye mlango wa choo cha ofisi, nikauandika pia. Kisha nikaviweka vipande viwili pamoja nikajiuliza: itakuwaje mtoto anayehesabu akifungiwa mahali pasipo na cha kuhesabu? Tone akazaliwa hapo.

Mtu naye humjengi kwa sura. Nampa kitu kimoja anachokitaka mpaka kinamuuma, kitu kimoja anachokiogopa, na kitu ambacho mikono yake hufanya akiwa peke yake. Kabla sijaanza hadithi naandika kurasa tatu za mambo yake ambayo hayataingia kitabuni: nini kiko chini ya kitanda chake, huwa anadanganya kuhusu nini, alilia lini mara ya mwisho. Nikimaliza sura namsomea mtoto wa mpangaji mwenzangu huku nikimtazama miguu. Miguu ikianza kupepea, sura hiyo imekufa.

Dada Kufuli nimemkusanya. Urefu nimeutoa kwa mwalimu mkuu mmoja, funguo kwa mkutubi, kutafuna uzi kwa mama niliyekaa naye kwenye basi. Wewe umechangia cherehani tu. Anayejiona humo amejiingiza mwenyewe.

Kitabu hakitolewi. Msalimie shemeji na friji yake.

Mdogo wako.

15 Machi

Kidoto,

Marahaba. Pole na sauti. Ungenyamaza kidogo ingerudi.

Hapa mvua zimeanza, wateja wanaleta sare zilizorowa wanataka zipunguzwe hapo hapo. Fundi mmoja nimemwambia achague kati ya kuchora kufuli na kushona. Kachagua kushona, lakini kwa uso ule ule.

Na kovu la kidole gumba nalo umelitoa kwa mkutubi? Maana hili langu nililipata kwa sindano ya cherehani siku niliyokuwa nakushonea gauni la kuanzia shule, ukiwa umesimama pembeni unanihimiza. Usinifanye mtoto wa darasa la pili, mimi si wale unaowazungukia na daftari lako.

Lakini tuache kovu. Umenipa somo, na mimi nimelisoma vizuri kuliko ulivyotaka. Unasema kila mtu wako ana kitu anachokitaka mpaka kinamuuma. Haya. Tone anataka kutoka. Kaka yake anataka kupanda gari. Hata yule paka wa sura ya nne anataka kichwa cha samaki, nusu ukurasa mzima umempa. Dada Kufuli anataka nini? Nimekigeuza kitabu mbele na nyuma. Hakuna. Anafunga mlango kwa sababu anapenda kufunga milango. Kurasa zake tatu uliziandika lini? Au siku yake wino ulikwisha?

Kuna na hili. Mtoto wako anakaa stoo siku mbili, hali, hanywi, hajisaidii. Ni mtoto au ni robota? Ile ndoo ilimwagwa na nani? Nani alipitisha mkate na chai ya maziwa asubuhi na jioni, wakati maziwa ya nyumba nzima yalikuwa kikombe kimoja? Mimi nikimpelekea mteja shati lenye mkono mmoja, hanipigii makofi.

Wewe umeshona mkono mmoja, ukapewa sifa, ukaridhika.

Cha pili usikiandike.

Dada yako.

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Habari zangu si nzuri na sitaki kujua zako.

Kumbe ndoo unaikumbuka. Miaka thelathini na mitano nimekuwa nikijiuliza kama niliiota ile stoo, kwa sababu ndani ya nyumba ile hakuna aliyewahi kuitaja. Leo umeiandika kwa mkono wako, na maziwa juu yake, kama vile unadai shukrani.

Basi tusidanganyane. Ndiyo, ni wewe. Mkutubi hakuwepo, wala mama wa kwenye basi.

Sikukikata kile kitambaa. Kilikuwa cha kijani chenye mistari, kilikuwa cha mteja, na nilikikuta kimekatwa katikati kama wewe ulivyokikuta. Nilikuambia kupitia tundu la ufunguo mpaka koo likaniuma. Ukanijibu: "Nyamaza. Nikikusikia tena hutoki wiki nzima." Nilikuwa na miaka sita. Mama alikuwa na siku tisa kaburini.

Na nilipotoka, kaka hayupo. Jongoo wetu, ambaye nilikuwa nikimtekenya anajikunja kama jongoo kweli. Ukaniambia Baba Mkubwa amekuja na lori lake, kamchukua akasome. Hata kumpungia mkono sikumpungia. Yeye alichaguliwa, mimi nikafungiwa, na wewe ukarudi kwenye cherehani yako.

Unauliza Dada Kufuli anataka nini. Hataki kitu. Kuna watu wako hivyo, na watoto wanajua.

Mkataba wa kitabu cha pili nimeshautia saini. Ndani yake kaka anarudi. Mrefu, suti, viatu vinang'aa, amesoma mpaka akachoka. Anamkuta Dada Kufuli sokoni, mbele ya watu, na anamfanya aombe radhi kwa sauti mpaka muuza vitunguu wa mwisho asikie. Sura hiyo nimeianza jana. Inaenda yenyewe.

Usiniandikie tena kuhusu ufundi.

20 Juni

Dada,

Shikamoo. Ni mwezi wa tatu sasa hujajibu. Binti yako ameniandikia kwa simu ya baba yake kwamba mko wazima, na kwamba amekuwa wa nne darasani. Mpe hongera. Mimi nilikuwa na homa, nimepona. Beseni moja halitoshi tena, nina mawili.

Nitakuambia kitu na usikifurahie. Kitabu kimekwama.

Ile sura ya sokoni iliyokuwa inaenda yenyewe ilikwenda mpaka mahali pamoja ikasimama. Kaka anasema aliyonayo, watu wanapiga makofi, kisha zamu ya kusema inakuwa ya Dada Kufuli na hasemi kitu. Nimemwandikia wivu, ukaonekana wa kupachika. Nimemwandikia uchoyo, haumkai. Nimefanya ninavyofanya siku zote mtu akinigomea: nimekunja karatasi katikati, kushoto nikaandika maswali yangu, kulia nikaacha nafasi ajibu. Wengine wote huwa wananijibu, hata paka. Upande wake umebaki mweupe. Na mhariri amenirudishia sura tano, pembeni ameandika kwa penseli neno lile lile mara nne: kwa nini? Yule mtoto wa mpangaji mwenzangu nikimsomea, Dada Kufuli akiingia tu, miguu inapepea.

Basi nauliza. Ulinifungia kwa nini?

Sikuulizi kwa wema, usije ukadhani nimelainika. Nauliza kwa ajili ya kazi.

30 Julai

Kidoto,

Marahaba. Umeuliza vibaya, lakini umeuliza, na katika miaka yote hii hujawahi. Nimeianza barua hii mara sita. Shemeji yako kaokota karatasi zilizokunjwa kaniuliza kama nimeajiriwa na wewe. Goti bado. Mtoto anasalimia.

Kile kitambaa nilikikata mimi.

Soma taratibu, sitarudia. Siku ile ya tisa baada ya mazishi jirani aliniletea habari kwamba Baba Mkubwa anakuja na lori kuwagawa watoto wa marehemu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, baba naye alishatutangulia, hakuna mtu angeniuliza mimi nataka nini. Alishasema msibani kwamba atachukua yule mdogo wa kike, akamsaidie mke wake kazi za ndani. Binti aliyemchukua kabla ya hapo, wa upande wa mama yake yeye, alirudi kwao mikono yote miwili imeungua mpaka kwenye viwiko. Watu walisema maji ya moto yalimmwagikia. Nilimwona. Maji hayamwagiki hivyo, yakaishia mstari mmoja sawasawa kwa mikono yote miwili.

Ningekuambia nakuficha, ungechungulia. Ulikuwa hujui kudanganya, ungemwambia mpaka kuku. Lakini mtoto aliyeadhibiwa hununa, na wewe ukinuna ulikuwa hutoi sauti hata ukikanyagwa. Ndiyo maana nikachukua mkasi. Siku ya kwanza ulipiga kelele kweli, nikashukuru kwamba hajafika. Siku ya pili ukanuna. Siku hiyo ndiyo aliyofika, saa nne asubuhi. Nikamwambia umepelekwa kwa shangazi. Alipita chumba kwa chumba. Mlango wa stoo nilikuwa nimeusukumia meza ya kukatia, nikakaa juu yake nachambua vifungo. Vifungo vile nilivichambua mpaka leo sijui vilikuwa vya rangi gani.

Akasema lori lake halirudi tupu. Akamchukua Jongoo.

Hakwenda kusoma. Alikwenda kwenye tanuri lake la matofali. Alikuwa na miaka tisa. Mimi nilisimama mlangoni nikaangalia lori linaondoka, na sikusema neno, kwa sababu kama ningefungua mdomo ningesema uko wapi. Sikuwa na stoo ya pili, Kidoto.

Nilikwenda tanurini mara tatu. Mara zote getini nikaambiwa hataki kuniona. Nikaamini, maana mimi mwenyewe nisingetaka.

Ningekuambia nini? Kwamba wewe umelala kitandani kwa sababu yeye amebeba matofali? Nikaona bora ukue unanichukia mimi. Kazi hiyo umeifanya vizuri, hata kitabu umeandika.

Yu hai. Ni fundi kwenye hospitali kubwa ya ule mji wenye viwanda vya chuma, anatengeneza vitanda vya wagonjwa na viti vya magurudumu. Nimejua miaka kumi na moja. Sijaenda. Nawe usiende, na haya usiyaandike. Umeuliza kwa ajili ya kazi, mimi sikukujibu kwa ajili ya kazi. Si mali yako.

12 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nimekwenda.

Najua utakasirika, na kasirika. Barua yako ilinikaa wiki nne mkobani pamoja na daftari, na daftari sikulifungua hata mara moja. Nilikuwa nimekasirika bado. Nilikuwa natafuta mahali ambapo umedanganya. Nikasema Jongoo, shahidi wa tatu, ndiye atakayeniambia.

Karakana yake iko nyuma ya jengo la kufulia, ina harufu ya mafuta ya mashine na dawa ya kusafishia sakafu. Vitanda vimesimamishwa ukutani miguu juu. Nilimkuta amelala chini ya kiti cha magurudumu, zimetokeza soli tu. Nikasema: "Jongoo." Soli zikatulia. Akasema kutoka huko chini: "Aliyekuwa akiniita hivyo alikuwa hajaota meno ya mbele."

Si tajiri. Hana suti. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki, ni vya tanurini. Shule hakuingia, kusoma kajifunza ukubwani, kwa maandishi ya kwenye vitanda. Nilimweleza uliyoniandikia, na nikamwambia ukweli kwamba nimekuja kuhakikisha. Alikuwa anafuta spana kwa kitambaa. Akaifuta muda mrefu mpaka nikataka kumnyang'anya. Kisha akasema: "Dada anafikiri siri ile aliitunza peke yake?"

Alikuona na mkasi, Dada. Alikuwa amekaa chini ya meza siku ile anacheza na bobini tupu ya uzi wa cherehani, akakuona unakikata kile kitambaa na kukiacha sakafuni. Hakuelewa mpaka lori lilipofika. Baba Mkubwa hakukuamini uliposema nimepelekwa kwa shangazi. Alimtoa kaka nje, akamweka kando ya tairi, akamuuliza yeye. Mara tatu. Mara ya tatu alimshika sikio. Akamjibu: "Nimempeleka mimi mwenyewe. Nilimbebea mfuko." Baba Mkubwa akasema, basi panda wewe. Hivyo ulipokuwa mlangoni unajiona wewe ndiye uliyetoa mmoja, mwenzako alikuwa ameshafanya lake.

Getini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba umekuja. Hata mara moja.

Kuna jingine, na hili nimeapa kwake nitalifikisha. Alitoroka akiwa na miaka kumi na sita. Akatembea siku tatu, akafika dukani kwako. Anasema ulikuwa umesimama nyuma ya meza na wateja wawili, futi ya kupimia shingoni. Ukainua macho, ukamwangalia, ukamuuliza: "Nikusaidie nini, kaka?" Akajibu hakuna, akageuka. Anasema hakulaumu, alikuwa amekuwa mrefu, uso mzima vumbi la matofali. Lakini alipokuwa anasema hivyo aliiweka ile spana mahali pasipo pake, na karakana yake kila kitu kina mahali pake.

Sura ya sokoni nimeichana. Kitabu kizima nimekisimamisha, mhariri amenuna. Nilikuwa nawafundisha watoto wa watu kwamba hakuna mtu wa kuandikwa bila kumuuliza anataka nini, na mtu wa kwanza kabisa kumwandika sikumuuliza. Sisemi samahani kwenye karatasi. Na wewe pia una deni la neno kwangu: miaka thelathini na mitano ulinitazama usoni ukaniacha niamini kwamba nilipendwa kidogo kuliko kipande cha kitambaa. Kulinda si hivyo tu.

Mdogo wako.

3 Oktoba

Kidoto,

Marahaba. Nilikuambia usiende.

Shemeji yako mzima. Mtoto amenunua daftari, anakaa nje ya duka anaandika wateja wanavyosema. Nimelichukua, nikalisoma, nikamrudishia. Ana jicho baya kama lako.

Neno unalonidai ni hili: niliona unakua na kinyongo, nikaona ni afadhali kwangu, kwa sababu mtoto anayekupenda hukuuliza maswali. Sikukulinda hapo. Nilijilinda.

La pili sijamwambia mtu, hata baba wa watoto wangu. Kaka yako amekuambia sikumtambua. Nilimtambua. Nilimtambua kabla hajavuka kizingiti, kwa namna anavyotanguliza bega. Nikaona amekuja kuniuliza kwa nini yeye, na wateja wawili wamesimama pale, na mimi jibu sina. Maneno yaliyotoka ni yale ninayomwambia kila mtu. Alipogeuka nilimwacha afike kona ya mtaa. Baadaye nikakimbia mpaka kituo cha mabasi, hakuwepo.

Kama bado unamtaka Dada Kufuli wako, mwandike hapo. Stooni hakuwa mbaya. Ubaya wake aliufanya mchana, dukani, kwa sauti ya adabu. Na anataka nini sasa unajua, usijifanye kuniuliza tena.

Alhamisi nilifunga duka. Mafundi walidhani kuna msiba. Nilipanda basi saa kumi na mbili asubuhi na goti langu hili, nikamkuta anakaza gurudumu. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yote, kama nilivyokuandikia, kwamba nilimtambua. Alikwenda kunawa mikono, akakaa huko muda mrefu, maji yanatiririka. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na alikuwa na hasira, akaniambia: "Siku tatu nilitembea." Nikamwambia najua. Akasema: "Hujui." Nikasema kweli, sijui. Tukakaa kwenye kitanda kimoja kibovu, kila mtu upande wake, mpaka kengele ya saa sita.

Hakunisamehe, nami sikumwomba. Nilipoinuka kuondoka nikaona suruali yake ya kazi inaishia juu ya vifundo, miguu yote miwili nje. Nikamuuliza nani anakushonea. Akasema hununua zilizoshonwa tayari, hazimfiki. Nikatoa futi mkobani. Akaniangalia, kisha akasimama wima, mikono pembeni, kama mtoto anayepimwa sare, na mimi nikapiga magoti kwenye sakafu ile ya mafuta nikampima. Mguu wa kulia inchi arobaini na moja. Wa kushoto arobaini na nusu.

Kasema nizilete mwenyewe, nisimtume mtu.

Wewe usije kwanza. Bado nikiliona jina lako kwenye jalada mkono unaniwasha. Nitakapokuwa tayari nitakuandikia.

Dada yako.